Jinsi ya kulundika vifaa vya ujenzi miaka tisa bila vikakuponyoka

Nauza mashuka na mapazia ya mtumba soko la Memorial, hapa Moshi. Kiwanja changu cha Msaranga nilikinunua 2013, na usiku wa kwanza kulala ndani ya nyumba yangu ulikuwa Desemba 2022. Miaka yote hiyo sikukopa benki, sikugusa mikopo ya kausha damu, wala sina mtoto Ulaya wa kunitumia hela. Nililundika tu. Wasichana wa meza za jirani wameniuliza mara nyingi nilifanyaje, na kila nikianza kumweleza mmoja, mteja ananivuta shuka mkononi, hadithi inaishia katikati. Leo nimekaa na daftari langu mapajani, naandika yote.

Daftari lenyewe ni kaunta buku ya kwaya mbili, jalada limechakaa na kurasa za mwanzo zina madoa ya chai. Kila kilichoingia kiwanjani kimo. Kila kilichotoka kimo pia, na hicho ndicho watu wengi husahau kuandika.

Kwanza angalia hela yako inatokea wapi

Kabla hujanunua hata jiwe, kaa mwezi mmoja uangalie hela zako huondokaje. Pale sokoni kila mtu ana namna yake ya kukusanya, na kila namna ina tundu lake. Mama mmoja wa viatu ana kibubu cha mbao, anadumbukiza elfu mbili kila jioni, na kila mwaka shule zikikaribia kufunguliwa anakipasua kabla ya wakati. Mwingine anakusanya vitenge. Ana sanduku la bati limejaa, doti hazijawahi kuvaliwa, na akibanwa anatoa mbili anauza. Msimcheke, huyo ana akiba kuliko wengi wenye kadi ya benki, shida yake ni panya na mitindo kupitwa. Kule mlimani wazee walikuwa na ng'ombe wengi kuliko majani, basi ng'ombe anawekwa kwa mtu mwingine amfuge: maziwa na samadi ni vya mfugaji, ng'ombe mwenyewe ni wa mwenye mali. Hiyo nayo ni akiba, tena inazaa, ila ng'ombe akifa unaletewa ngozi na maneno.

Mimi tundu langu lilikuwa kwenye moyo. Siwezi kumnyima mtu. Hela ikiwa mkononi inasikia shida za watu wote wa ukoo, na mtu akijua nina laki mbili anaanza kuumwa jioni hiyohiyo. Nikagundua nahitaji akiba ambayo haiingii kwenye mkoba wala haitumwi kwa simu. Hakuna aliyewahi kunipigia saa tatu usiku kuniambia, "Dada, nitumie tofali thelathini."

Wazo hilo sikulibuni. Nilizaliwa Uru, kwenye kihamba cha kahawa na migomba, na baba alipeleka kahawa yake chama cha msingi, nacho kikapeleka KNCU, ule ushirika wa tangu 1933. Malipo yalikuja kwa mafungu. Fungu la kwanza ulipewa ukipeleka kahawa, hilo lilikwenda ada na madeni ya dukani. Kahawa ikishauzwa mnadani yalikuja malipo ya pili, na hayo baba hakuyaingiza ndani ya nyumba kabisa. Aliteremka Moshi mjini asubuhi, akarudi jioni na bati nne kichwani mwa kijana wa kubeba mizigo. Msimu mzuri bati sita. Paa la nyumba yetu lilikuwa na rangi tatu, kulingana na umri wa bati. Wageni waliona paa lenye viraka. Mimi nilijua upande ule unaong'aa ni wa msimu ambao mvua ilinyesha vizuri.

Kwa hiyo njia yangu ilikuwa hii. Nilikuwa kwenye mchezo wa watu 12, kila Jumamosi 20,000, na zamu yako ikifika unabeba 240,000. Siku ya kubeba siendi nyumbani. Naenda moja kwa moja dukani, na hela inageuka kitu kabla jua halijazama. Mchezo ni mzuri kwa sababu ni mfupi na watu mnafahamiana kwa sura. VICOBA nayo nimo, pale unanunua hisa kila mkikutana, kasha lina kufuli tatu na funguo wanashika watu watatu tofauti, na mwisho wa mwaka mnavunja mnagawana. Tangu ile Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 vikundi vinatakiwa visajiliwe, basi usione aibu kuuliza cheti. Gawio la VICOBA nililitunzia vitu vikubwa vya mara moja, kama nondo na bati. Mchezo ulikuwa wa simenti na mchanga. Usichanganye mifuko hiyo miwili, utajikuta umenunua kila kitu nusu.

Kiwanja

Hapa nitapita haraka maana yameandikwa mengi. Usilundike kitu kwenye ardhi ambayo karatasi zake hazijakaa sawa. Mauziano yaandikwe mbele ya serikali ya mtaa, wauzaji wote wa familia wawepo, mke wa muuzaji akiwemo, na majirani wa pande zote wasaini. Mpakani mimi nilipanda masale siku ileile, ule mmea ambao Wachagga tunauheshimu kama alama ya mpaka na amani. Bikoni inaweza kung'olewa usiku, lakini hapa kwetu mtu anayejua maana ya sale atafikiri mara mbili kabla ya kulishika.

Kinachooza kije mwisho

Siri nzima ya kulundika iko kwenye mpangilio, na mimi niliujua baada ya kuumia.

Mwaka 2015 tulivunja kikundi nikapata fungu zuri. Duka moja lilikuwa linauza simenti kwa bei ya chini kidogo, nikanunua mifuko 18 kwa mkupuo, nikajiona nimewahi. Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba kimoja Pasua. Nikaipanga mifuko kwenye kona, juu ya sakafu, imeegemea ukuta, nikatandika shuka juu yake ikawa kama kochi. Masika ikaja. Ukuta wa chumba ulikuwa unatoa jasho kila asubuhi na mimi sikufikiria kitu. Nilipokuja kumwita fundi mwezi wa sita, aligonga mfuko wa chini kwa kifundo cha kidole, ko ko ko, akaniangalia. Mifuko 11 ilikuwa jiwe. Nilikuwa nimekalia jiwe langu miezi minne nikinywa chai.

Simenti haitaki kungojea. Hata ukiitunza vizuri, juu ya vichanja vya mbao, mbali na ukuta, imefunikwa nailoni, ikipita miezi mitatu nguvu yake inaanza kupungua. Kama unayo ya zamani, ingiza mkono ndani ya mfuko: ikiwa laini na ya baridi kama unga wa sembe, iko salama. Ukikuta mabonge, yabonyeze kwa vidole viwili. Yakisagika, tumia kwa kazi ndogo. Yasiposagika usijidanganye kwa kuyatwanga na nyundo uchanganye na nyingine.

Basi baada ya ile hasara nilipanga vitu kwa umri wake. Kinachoweza kukaa mvuani miaka kumi bila kubadilika kinakuja kwanza. Kinachooza kinakuja siku ya kutumika.

Mawe ndiyo yalitangulia. Moshi hatuna njaa ya mawe, mlima umetupa ya kutosha, na jiwe haliibwi kirahisi wala halinyeshewi likaharibika. Msingi wangu wote ni wa mawe. Nilinunua tripu mojamoja kipindi cha kiangazi, kwa sababu masika barabara za mitaani zikishakuwa tope dereva anakuongezea bei ya kukwama hata kama hakukwama. Ukipokea tripu, simama pale linapomwagwa. Lori likiondoka hakuna tena wa kumuuliza kwa nini katikati ya mawe kuna udongo.

Mchanga nao unakaa, ila unapungua kimyakimya. Kuku wanachakura, watoto wanaruka, mvua inaburuta, na kila jirani anachukua karai moja tu. Karai moja tu ya watu kumi ni toroli. Uzungushie tofali mbovu au magogo chini, na usinunue tripu ya pili ya kwanza haijaisha.

Kupima mchanga ni kazi ya dakika tano na nakuomba usiiache. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, isiyo na rangi. Jaza mchanga karibu nusu, ongeza maji mpaka karibu na shingo, tia chumvi kidogo, funga, tikisa kwa nguvu, kisha isimamishe mahali pasipotikisika. Nenda kauze shuka mbili tatu, urudi baadaye. Utaona mchanga umekaa chini na tope limejitenga juu yake kama krimu juu ya maziwa. Tope likiwa mstari mwembamba, pokea. Kama mchanga una kimo cha vidole vinne na tope lina kidole kizima, mwambie dereva ageuze gari. Mimi nilikuwa naenda na chupa yangu kabisa kwenye maegesho ya malori, nachota kutoka nyuma ya gari kabla ya kulipa. Madereva waliniita Mama Chupa. Jina halikunigharimu kitu.

Tofali: mfuko mmoja kwa mwezi

Hapa ndipo nilipojifunza kuihifadhi simenti bila kuihifadhi. Simenti ikishakuwa tofali haiozi tena, kila mwaka inakaa pale pale, na mtu wa kuiba tofali mia moja usiku anahitaji gari na wenzake watatu.

Nilianza Julai 2017. Julai na Agosti ni miezi mizuri kwa kazi hii, baridi ipo, jua si kali, tofali halikauki kwa papara. Mpango ulikuwa mfuko mmoja wa kilo 50 kila mwezi. Miezi mingine nilipata miwili, mingine sikupata hata mmoja, lakini daftari linaonyesha wastani haukuondoka hapo. Fundi alikuja Jumamosi asubuhi na mashine ya mkono ya inchi sita, mimi nikiwa nimenunua simenti Ijumaa jioni. Mfuko haukuwahi kulala kwangu usiku wa pili.

Mfuko mmoja nilitoa tofali 25. Watakuja mafundi watakaokuambia wanatoa 40, na kweli watazitoa, utazipanga, utazipiga picha. Kisha chukua moja uikwaruze kwa ncha ya msumari. Ikimwagika kama sukari guru, umeuziwa mchanga kwa umbo la tofali. Kipimo changu kingine: siku tofali ikishatimiza wiki nne, nainyanyua mpaka usawa wa kiuno naiachia idondoke kwenye udongo mgumu. Pembe ikimeguka, sawa. Ikigawanyika vipandevipande, fundi hapati kazi ya mwezi ujao.

Zege haikauki ikawa ngumu. Inakunywa maji ikawa ngumu. Watu wengi hawalijui hili. Tofali mpya inataka kumwagiliwa asubuhi na jioni kwa siku saba angalau, na isipigwe na jua. Mimi nilifunika kwa majani makavu ya migomba, ambayo hapa kwetu hayauzwi, nikalipa kijana wa jirani amwagilie siku nilizokuwa sokoni. Nilijua kama kamwagilia kwa kuingiza mkono chini ya majani. Yakiwa na unyevu na ubaridi, kafanya kazi. Yakiwa makavu mpaka chini, nilimkata hela ya soda, na yeye alijua kwa nini.

Hesabu ya ngapi zinatosha si ngumu. Tofali za kawaida za inchi 18 kwa inchi 9, ukuta wa mita moja kwa mita moja unakula kama kumi, pamoja na za kuvunjika. Ukuta wa mita nne kwa urefu wa mita tatu ni mita za mraba 12, basi 120. Toa milango na madirisha. Nyumba yangu ina vyumba viwili, sebule, jiko na choo cha ndani, na kuta zake zilimeza 1,450.

Mwishoni mwa 2020 simenti iliadimika nchi nzima, bei ikaruka, watu wakawa wanazunguka mjini wakiulizana duka gani limeshusha mzigo. Siku hizo nilifungua daftari nikahesabu: tofali 1,100, simenti mifuko 44 iliyonunuliwa kwa bei za zamani, imesimama Msaranga chini ya majani ya migomba. Sijawahi kufungua belo la mtumba la gredi ya kwanza likanipa furaha ile.

Panga tofali kwenye ardhi iliyosawazishwa, zisizidi mistari sita kwenda juu, na acha njia ya mtu kupita katikati ya mafungu. Hesabu kwa mafungu ya mia. Ukipanga ovyo hutajua zilipopungua.

Nondo na mzani wa chuma chakavu

Nondo zinakaa, kutu kidogo ya juujuu haina ubaya, lakini ndizo zinazoibwa haraka kuliko kitu chochote, kwa sababu mnunuzi wa chuma chakavu haulizi umezitoa wapi. Usizilaze kiwanjani. Zangu nilizikunja nikaziweka nyuma ya choo kule Pasua, kwa ruhusa ya mama mwenye nyumba, na malipo yake ni kwamba alizigeuza kamba ya kuanikia. Miaka miwili kanga zake zilikauka juu ya lenta yangu, yaani ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha.

Nunua kwa kupima. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inatakiwa iwe na uzito wa kilo kumi na nusu na kidogo, maana kila mita moja ni karibu gramu 890. Nilikuwa nimenunua tano kwenye duka moja, zimeandikwa 12, zina rangi nzuri. Njiani nikampita kijana wa chuma chakavu na mzani wake wa kuning'iniza, nikamwomba anipimie moja kwa 500. Mshale ukasimama kilo nane na gramu mia saba. Tukapima ya pili, hivyohivyo. Nondo ya aina hiyo hata milimita 11 haifiki, ni nyembamba iliyovaa jina la nene. Nilirudi dukani na yule kijana na mzani wake. Muuza duka hakubisha hata kidogo, alinibadilishia kimya, na ukimya ule ndio ulionionyesha kwamba alijua. Nondo 22 za lenta nilizonunua baadaye zote zilipita kwenye mzani kwanza.

Bati: andikisha bati, usiandikishe shilingi

Duka nyingi za vifaa zinakubali ulipie kidogokidogo, mzigo ukae kwao mpaka utimie. Ni njia nzuri kwa mtu asiye na pa kuweka. Mimi nilihitaji bati 52 za mita tatu, geji 28. Kumbuka namba ya geji inakwenda kinyume, 30 ni nyembamba kuliko 28, na wako wanaouza kwa kutegemea hujui.

Kosa langu lilikuwa kwenye karatasi. Nililipia bati 20 kwa awamu, na kila mara muuzaji aliandika kiasi cha hela kwenye kijitabu chake na kunipa kipande chenye namba ileile. Siku naenda kuchukua, duka lina mwenye mpya na bei mpya. Yule mpya alikubali hela yangu, akaigawa kwa bei ya siku hiyo, nikatoka na bati 14. Sita ziliyeyuka bila mtu kuziiba.

Kwa hiyo kila ukilipa, karatasi iseme: bati tatu, geji 28, mita tatu, rangi fulani, zimelipiwa zote, zinasubiri mwenyewe. Ichukue na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, siku hiyohiyo. Bei ikipanda kesho, zako tatu zinabaki tatu. Kama muuzaji hataki kuandika hivyo, ana sababu.

Ukizichukua, usizilaze chapati juu ya sakafu. Maji yakiingia katikati ya bati mbili na kukosa njia ya kutoka, zinaota kutu nyeupe kama unga hata kabla hazijapanda juu. Ziinue upande mmoja ziwe na mteremko, chini yake vipande vya mbao, juu turubai lililolegea hewa ipite.

Mbao sina mengi. Nunua zilizokauka na zilizowekwa dawa, zipange kwa vijiti kati ya moja na nyingine zisipinde, na ziwe za mwisho kabla ya fundi paa. Kama una mgrivilea wako kihambani, kibali cha kukata kwanza, shoka baadaye.

Watu

Vitu havikai vyenyewe. Babu wa jirani nilimruhusu alime maharage kwenye nafasi yote iliyobaki katikati ya mafungu, bure, avune yote yeye. Sikumwambia alinde chochote. Mtu mwenye maharage yake yanayotoa maua anaamka usiku hata kwa mbuzi, sembuse kwa lori.

Walio wagumu ni wa nyumbani. Ndugu akiona fungu la tofali limekaa miaka miwili anaona limelala, anasema nikopeshe hamsini nitarudisha. Nilijiwekea sheria ya kusema "hizo zimehesabiwa na fundi," na kwa wengi ilitosha. Lakini mwaka 2019 shemeji yangu alifariki Uru, kaburi linajengwa, na mjini hakukuwa na hela siku ile. Wakaja wazee wawili, wakakaa kwenye mawe yangu, hawakuomba. Walisema tu kaburi linataka tofali hamsini. Nikaita Canter mwenyewe. Usiku nikafungua daftari, nikaandika kwenye safu ya kutoka: "50, shemeji," na pale kwenye safu ya kudaiwa nikapiga mstari. Ukiandika deni kitu kama hicho, utakuwa unamtazama mjane kila mwaka kama mdaiwa wako. Hesabu yako ya kulundika iachie nafasi. Mimi sasa nawaambia wasichana waongeze tofali mia moja juu ya hesabu ya fundi, na hawaniulizi za nini.

Kuanza kujenga

Anza kujenga vitu vya kuta na lenta vikishatimia vyote. Usianze kwa hamu ukisema mengine yatajileta. Ukuta uliosimama bila lenta unanyeshewa masika mbili ukaanza kutazama upande. Epuka Desemba. Watu wa Dar wanapanda kuja "kuhesabiwa," kila mmoja anataka choo kipya migombani kabla ya Krismasi, na mafundi hawashikiki wala hawapunguzi bei. Mimi nilimwaga zege la msingi Julai 2021, kuta zikapanda mwaka huohuo, paa likaingia Septemba iliyofuata. Simenti ya kujengea nilinunua kwa wiki, mifuko ya wiki hiyo tu: ile yenye namba ya nguvu 32.5 kwa kujengea na plasta, na yenye nguvu zaidi, 42.5, kwa lenta na nguzo.

Ile mifuko 11 iliyoganda sikuitupa. Nilimwambia fundi aipange nyuma, imekuwa ngazi ya mlango wa jikoni, na ukiinama unaona alama za nyuzi za mfuko zimechapwa kwenye jiwe, mpaka mshono. Hapo ndipo ninapokaa jioni kumenya ndizi.

Zimebaki tofali 31 na mawe nusu tripu. Jirani mpya wa juu ameshaulizia hizo tofali mara mbili. Nimemwambia alete kokoto karai 40, tuhesabu pamoja, kisha azichukue, maana kwenye daftari nimeshafungua ukurasa wa uzio.